Post-hardcore si kelele, ni muziki wa kuachiana nafasi: wadau wa Mbeya, Iringa na Njombe tukutane hapa

Besi la Loleza (mleta uzi)

Wakuu, poleni na baridi.

Kila ninapotaja bendi za post-hardcore (roki iliyotokana na panki ya kasi iitwayo hardcore) hapa Mbeya, iwe kwa wapiga vyombo wenzangu wa kanisani au kwa vijana wa studio za Mwanjelwa, jibu ni lile lile: hizo ni kelele za watu wenye hasira. Leo naandika kwa kirefu kwa sababu naupenda sana muziki huu, na naamini masikio ya watu wa Nyanda za Juu Kusini yalishaandaliwa kuuelewa zamani. Hoja yangu ni hii: uzito wa bendi hizi hautokani na ukubwa wa sauti. Unatokana na nafasi ambayo kila mpigaji anamwachia mwenzake. Na tabia hiyo haikuishia kwenye vyombo, iliingia mpaka kwenye bei ya kiingilio.

Nianzie Washington, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kulikuwa na vijana weusi wanne waliokuwa wanapiga jazi iliyochanganywa na roki, watu wenye vidole hasa. Wakahamia kwenye panki, ile roki fupi, rahisi na ya kasi, na kwa kuwa walikuwa mafundi tayari, wakaipiga kwa kasi ambayo wenzao hawakuifikia. Hao ni Bad Brains. Walikuwa Marasta, na katikati ya mbio zile walikuwa wanateremka kwenye rege ya taratibu kabisa, besi inatembea, gitaa linagusa na kuacha. Vijana wa mji ule waliowashuhudia wakaunda bendi zao. Iliyovuma zaidi ni Minor Threat, kuanzia 1980 hadi 1983, na nyimbo zake nyingi hazifiki hata dakika mbili. Mtindo huo wa mbio ndio hardcore.

Kufikia 1985 kumbi zilikuwa zimeharibika. Watu walikuja kupigana, muziki ukawa kisingizio cha ngumi. Hapa ndipo ninapowaheshimu wale vijana: hawakuacha muziki, na wala hawakuongeza kasi. Waliunda bendi mpya zilizokataa kuuhudumia ule ugomvi, na muziki wao ndio uliokuja kuitwa post-hardcore. Rites of Spring walitoa albamu yao mwaka huo huo. Bado wanapiga kwa nguvu zote, lakini mwimbaji wao, Guy Picciotto, anaimba majuto na kupotelewa, mambo ya moyoni ambayo kijana wa kiume kwenye panki hakutegemewa kuyatamka mbele za watu. Kiangazi kile kile vijana wa mji huo walikusanyika nje ya ubalozi wa Afrika Kusini, wakapiga ngoma na chochote kinachotoa mlio kupinga ubaguzi wa rangi. Sisi tuliokulia kando ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa ili Zambia isilazimike kupitisha shaba yake Rhodesia na Afrika Kusini, hatuwezi kuisoma habari hiyo kama ya watu wa mbali.

Sasa twende kwenye sauti yenyewe. Mwaka 1987 Ian MacKaye wa Minor Threat aliungana na Joe Lally kwenye besi na Brendan Canty wa Rites of Spring kwenye dramu, na baadaye kidogo Picciotto akaingia. Bendi ikaitwa Fugazi. Wimbo wao unaojulikana kuliko zote, Waiting Room, unaanza na besi peke yake. Vyombo vingine vinajiunga, mwili unaanza kuchukuliwa, halafu bendi nzima inakata. Kimya kabisa. Wewe unayesikiliza ndiye unayebaki umeshikilia mapigo kichwani mpaka watakaporudi. Ukimya ule umepigwa kwa makusudi kama noti nyingine yoyote, na asiyeuhesabu vizuri anaingia vibaya.

Sikilizeni na magitaa yao mawili. Kwenye dansi letu tumezoea solo ana kazi yake na ridhimu ana kazi yake, na kila mmoja anakaa kwake mpaka wimbo uishe. Fugazi hawana mipaka hiyo. Gitaa moja linakatakata vipande vifupi vikavu, jingine linaacha nyuzi zilie mpaka zianze kugombana na spika, ule mlio mrefu unaotokea maiki ikisogezwa karibu na boksi. Mara wanabadilishana. Mara wote wawili wananyamaza na besi ndiyo inayobeba wimbo, jambo ambalo limetoka moja kwa moja kwenye rege. Waimbaji nao ni wawili, mmoja anatupa neno, mwenzake analidaka. Na Canty ana kengele, kengele kubwa ya chuma kabisa, amefungia kwenye dramu zake. Ikigongwa, inakata katikati ya mkwaruzo wote ule na kila mtu anageuka.

Kwa mpigaji wa besi kama mimi, hii ilikuwa shule. Nilijifunza kwamba noti ninayoiacha inamfanya mpiga dramu asikike, na kwamba nikijaza kila pengo najaza kwa woga.

Nje ya Washington kila mji uliuchukua kwa namna yake. Slint, vijana wa Louisville waliotoa Spiderland mwaka 1991, walishusha sauti mpaka mwimbaji anaongea tu, halafu wakaipandisha bila onyo. Refused wanatoka Umeå, kaskazini mwa Sweden, mji wa baridi na giza refu. Albamu yao ya 1998 ina besi kubwa ya kusimama ya jazi na midundo ya kompyuta ndani ya mapigo mazito, na jina lake linarejea albamu ya jazi ya Ornette Coleman ya 1959.

Wanaonigusa zaidi ni At the Drive-In, kwa sababu ya mahali walipotoka. El Paso iko mpakani, ukivuka tu uko Ciudad Juárez, Meksiko. Aliyewahi kuishi Tunduma anajua maisha ya mji wa aina hiyo: foleni ya malori, lugha mbili kinywani, pesa mbili mfukoni, na watu wanaopotea bila taarifa yao kufika popote. Kwenye albamu yao ya 2000 wameweka wimbo kuhusu wanawake waliokuwa wanauawa Juárez. Magitaa yanapishana kama watu wawili wanaogombea kusimulia tukio moja, na kila mmoja ameona upande wake. Mwaka uliofuata, kwenye tamasha kubwa huko Sydney, walipiga nyimbo tatu tu wakashuka jukwaani, kwa sababu watu walikuwa wanakanyagana mbele na hawakutaka kusikia wakiombwa waache. Fugazi walikuwa na utaratibu wao kwa watu wa namna hiyo: wanasimamisha wimbo, wanamwita mhusika, wanamrudishia dola zake 5, anatoka nje. Bahasha za hela hiyo ziliandaliwa kabla.

Hizo dola 5 ndiyo ile bei ya kiingilio niliyoitaja mwanzo. Kiingilio chao kwa miaka mingi kilikuwa karibu na hapo, na watu wa umri wowote waliruhusiwa kuingia, ndiyo maana walikwepa kumbi zinazoishi kwa kuuza pombe. Hawakuuza fulana. Kwa utaratibu huo walipiga zaidi ya maonyesho 1,000, kuanzia 1987 hadi waliposimama mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Nataka tuupige muziki huu hapa, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu. Karibuni mnipinge au mniunge mkono.

Mwana Isanga

Mkuu, umeandika vizuri na nimesoma yote. Lakini swali langu ni la msingi: kama mtu analia kwenye maiki na sisikii anachosema, ujumbe unanifikiaje? Muziki wetu sisi ni maneno. Hata Izzo Bizness alipoipeleka Mbeya kwenye ramani ya hip hop, watu walimpenda kwa sababu walisikia anachosema.

Besi la Loleza

Mkuu Mwana Isanga, swali zuri. Kwanza, wengi wao husikika kabisa. MacKaye anatamka neno kwa neno, karibu kama mhubiri wa stendi. Lakini hata pale sauti inapopasuka, mimi nauliza: msibani, mama anapomlilia mwanawe, unasubiri kusikia sentensi? Sauti imeshakwambia. Rites of Spring wanapofika mwisho wa wimbo na Picciotto anarudia mstari mmoja mpaka koo linakauka, mstari wa kwanza ulisikia maneno, wa tano unasikia mtu.

Hip hop ya Mbeya naipenda, na sioni ugomvi. Vijana wa Dischord, lebo iliyoanzishwa na MacKaye na Jeff Nelson mwaka 1980, na vijana wa singeli wa Manzese na Tandale wamefanya kitu kimoja: wamerekodi nyumbani kwa vifaa walivyo navyo na hawakumsubiri mtu aje awape ruhusa.

Alto wa Tukuyu

Ndaga fijo kaka kwa uzi huu.

Mimi ni mwimbaji wa kwaya, naomba niseme kuhusu koo kwa sababu kuna vijana watasoma hapa na kesho watajiumiza. Kulia kwa kukwangua koo kunaua sauti. Nimewaona wahubiri vijana waliobaki na sauti ya kukwama kwa ajili hiyo. Wanaofanya vizuri hawaminyi koo kabisa. Pumzi inatoka tumboni, koo linabaki wazi, na ule mkwaruzo unatengenezwa juu kidogo ya nyuzi za sauti, siyo kwenye nyuzi zenyewe. Kisha maiki inafanya kazi yake. Sauti inayosikika kubwa kwenye spika mara nyingi ukiwa karibu na mwimbaji ni ndogo. Ukisikia maumivu au kikohozi, acha siku hiyo hiyo, kunywa maji, pumzika.

Na hili la kupokezana ulilolisema mimi nalifahamu vizuri. Kwaya zetu za Kimoraviani huku Rungwe zimelelewa nalo tangu wamisionari walipofika 1891, na kabla yao ngoma zetu zilikuwa nalo. Sauti ya nne ikishuka, alto lazima apande kidogo au wote mnazama. Usiku nimesikiliza hao Fugazi uliowataja. Wale wanasikilizana.

Kalenga Asilia

Kamwene.

Mleta uzi, umetaja Slint nikaenda kusikiliza, kwa sababu umesema mwimbaji anaongea tu. Mara moja nikakumbuka ligombo. Kwa wasiolijua, ni chombo cha Wahehe na majirani zao: ubao mrefu uliochongwa shimo, na uzi unaopitishwa huku na huko juu yake mpaka unakuwa kama nyuzi kadhaa. Mpigaji anakaa nalo na kusimulia, siyo kwa kupaza sauti. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akawarekodi wazee wa huku wakilipiga. Watu wanadhani habari za vita na Mkwawa lazima zipigiwe ngoma kubwa. Wazee wale walizisimulia kwa sauti ya chini, na bado nywele zinasimama.

Kwa hiyo mimi niko upande wako kwenye hoja ya nafasi. Lakini nina ombi: mkiunda bendi, ligombo lisiwe pambo la mwanzo wa wimbo halafu likafunikwa na magitaa. Tumeyaona hayo kwenye muziki wa injili, marimba inapigwa sekunde kumi za mwanzo kisha husikii tena.

Besi la Loleza

Mzee wangu wa Kalenga, umenipa jambo zito, nashukuru. Kiufundi ligombo na gitaa la umeme vinaweza kukaa pamoja gitaa likikubali kushuka. Kuna tabia moja ya baadhi ya bendi za aina hii inayofaa hapo: wanalegeza uzi wa sita wa gitaa kutoka E hadi D. Gitaa linapata uzito chini, na nyuzi tatu za juu yake unaweza kuziacha zivume bila kuzigusa. Mvumo huo ukiwa mdogo, ligombo linakaa juu yake bila kufunikwa. Naona tulijaribu ligombo likiwa na kipaza sauti chake, na wimbo ujengwe kutokea kwenye ligombo, siyo ligombo libandikwe baadaye.

Dereva wa Nakonde

Wakuu, mnazunguka Marekani na Sweden wakati jirani hapa Zambia kulikuwa na magitaa ya mkwaruzo miaka ya 1970. Mimi nimelelewa na kaseti za mjomba aliyekuwa Copperbelt. Bendi kama WITCH, Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi. Kaunda aliagiza redio ipige muziki wa Zambia kwa wingi, vijana wakaingia studio, na hali ilipokuwa ngumu baada ya bei ya shaba kuanguka waliendelea kupiga hivyo hivyo na amplifaya zilizochoka. Paul Ngozi aliimba Kinyanja mambo ya mtaani kabisa. Jagari Chanda wa WITCH bado anapanda jukwaani, na mwaka 2023 walitoa albamu.

Mkitaka roho ya kupiga kwa mkono wenu wenyewe, hamna haja ya visa. Vuka Tunduma.

Besi la Loleza

Ndugu yangu, hapo nakuunga mkono kabisa, na ningependa ufungue uzi wako wa hao peke yao. Ngozi ana gitaa chafu lililojaa na besi iliyo nyoofu, na ninamsikiliza kwa mtazamo ule ule. Niongeze na Nairobi: Duma, watu wawili tu, albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni nzito kuliko chochote nilichokitaja hapa, mashine za midundo na sauti inayopasuka. Afrika Mashariki hatuanzi sifuri.

Fundi Kabwe

Mimi nina studio ndogo. Nitasema ukweli wa kazi: vijana wanakuja na biti, wanaimba, saa moja wametoka. Dramu za kweli hapa hatuzirekodi kwa sababu chumba ni kidogo na maiki ni mbili. Na umeme ukikatika katikati, kazi imelala. Hiyo bendi mtairekodia wapi? Na mtu ataishije kwa kiingilio cha shilingi elfu kumi na kitu?

Besi la Loleza

Fundi, studio iliyorekodi sehemu kubwa ya bendi za Washington, Inner Ear ya Don Zientara, ilianzia chini ya nyumba yake ya kuishi. Na marehemu Steve Albini wa Chicago, aliyefariki Mei 2024, alitumia maisha yake akitetea kitu ambacho sisi tunacho bure: ukumbi. Aliweka maiki mbali na dramu ili chumba chenyewe kisikike. Maiki zako mbili zinatosha kuanza. Moja mbele ya dramu kwa umbali wa hatua kadhaa, nyingine karibu na ngoma ya mguu, kwenye ukumbi wa shule siku isiyo na masomo. Mvua ikianza kwenye bati tunasubiri ipite. Tukishindwa na umeme tunarekodi kwenye kompyuta mpakato yenye chaji na amplifaya ndogo ya betri. Dramu na kengele hazihitaji TANESCO.

Kuhusu riziki, sitakudanganya kwamba mtu atajenga nyumba. Fugazi walipanga safari zao wenyewe bila meneja, walilala kwa marafiki, na Dischord hadi leo inagawana faida na bendi nusu kwa nusu bila mkataba wa maandishi. Kilichobaki mfukoni kilikuwa chao kwa sababu hakikupitia mikono sita. Kwa hapa mimi nawaza kiingilio cha 2,000, ukumbi usio wa baa ili wanafunzi waingie, muziki wa kukodi tuchukue siku za katikati ya wiki ambapo hakuna harusi na bei inashuka. Hesabu ibandikwe mlangoni kila mtu aione.

Mwana Isanga

Hesabu mlangoni hiyo nimeipenda. Nimesikiliza tena Waiting Room kwa kutumia spika badala ya simu. Besi kwenye simu ilikuwa haipo kabisa, ndiyo maana nilisikia kelele tu. Nina dramu za kanisa ninazozitunza Uyole, lakini lazima nimwombe mchungaji kwanza.

Besi la Loleza

Mwombe kwa uwazi, mwambie tutakachopiga. Kengele naitafuta mimi kwa mafundi vyuma wa Mwanjelwa, kuna rimu za malori zinazolia vizuri sana.

Alto wa Tukuyu, naomba na wewe uje. Tunahitaji sauti ya pili.

Alto wa Tukuyu

Kaka, nitakuja, lakini tuelewane kabla. Uzi huu umetaja bendi kumi na kitu na sijaona mwanamke hata mmoja mwenye kazi ndani yake.

Besi la Loleza

Dada, wapo, na walikuwa katikati ya mambo. Fire Party ya Washington, nusu ya pili ya miaka ya 1980, ilikuwa bendi ya wanawake watupu ndani ya Dischord hiyo hiyo. Mwimbaji wake, Amy Pickering, ndiye aliyekuwa anawatumia wenzake barua fupi zisizo na jina kuwahimiza waamke, na kiangazi kile cha 1985 chote kilipata jina la Revolution Summer kutokana na barua zile. Besi ya bendi nyingine, Jawbox, aliipiga Kim Coletta. Nitakutumia nyimbo za bendi zote mbili leo usiku.

Alto wa Tukuyu

Basi sauti ya pili mtafute mwingine. Nina maneno yangu ya Kinyakyusa niliyoyaandika baada ya bibi kufariki, hayajaimbwa kanisani kwa sababu yanauliza maswali mengi kuliko yanavyojibu. Nataka kuanza nayo mimi, besi inifuate, na pale ninaponyamaza mtu asijaze. Jumamosi nina mazoezi ya kwaya mpaka saa nane. Saa tisa nitakuwa Uyole.